Mara 25 ya Nini?

Kamera yenyewe inaingia kwenye mfuko wa shati. Ni toleo la 2016, nyekundu, imechubuka kwenye kona, na kando ya lenzi imeandikwa 25x. Niliinunua ikiwa imetumika, kwa pesa ya makala matatu niliyomwandikia mtu ambaye aliyawekea jina lake. Aliyeniuzia alisimama mlangoni mwa duka, akaielekeza kwa bango lililokuwa ng'ambo ya barabara, akavuta mpaka namba ya simu iliyoandikwa chini ya bango ikajaa kioo kizima. "Hii inaona mpaka kesho," akaniambia. Nikalipa.

Haya ni mapitio ya kauli hiyo.

Naishi Kihoto, Naivasha, upande ambao bado ni mkavu. Kwa asiyejua, Kihoto ni mtaa ulio kando ya ziwa, na wengi wetu ni watu wa mashamba ya maua, wa boda, wa vibanda, na wachache kama mimi waliotoka chuo kabla ya kumaliza na sasa wanasema wao ni waandishi. Mwaka 2020 maziwa ya Bonde la Ufa yalipanda kwa pamoja: Baringo, Bogoria, Nakuru, Elementaita, na hili letu. Maji yakaingia Kihoto. Yakarudi na mvua za 2024. Mwishoni mwa 2025 yakaja kwa namna ambayo boti zilizozoea kubeba watalii kwenda kutazama viboko zikawa zinabeba magodoro na makabati ya watu. Sasa kuna mstari. Upande huu ni barabara, upande ule ni paa za mabati zinazotokeza majini, na katikati ni magugu maji. Ukiwa na kamera ya zumu, hapa hukosi cha kutazama.

Nilianza na Longonot kama kila mtu. Mlima uko takriban kilomita 20 kutoka kwangu, kilele chake ni mita 2,776, na asubuhi isiyo na wingu ukingo wa kreta unaonekana kama bakuli lililomeguka. Saa kumi na mbili na nusu nikavuta mpaka mwisho. Makorongo ya ubavuni yakatokea moja moja, kama mikunjo ya leso. Nikafurahi sana, hata nikampigia mtu simu. Saa saba mchana nikarudia, mahali pale pale, mkono ule ule. Mlima ulikuwa umegeuka uji wa kijivu.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza: mara 25 ya nini?

Wengi tunadhani 25x maana yake ni kuona mara 25 kuliko jicho. Sivyo. Ni lenzi inajilinganisha na yenyewe. Unachukua urefu wake wa mwisho, milimita 625, unagawa kwa urefu wake wa mwanzo, milimita 25, kwa kipimo kile cha filamu ya zamani ambacho makampuni bado hutumia kulinganisha kamera zao. Lakini milimita 25 ni jicho pana kuliko letu. Inasukuma vitu nyuma; bedsita inaonekana ukumbi wa harusi, ndiyo maana madalali wa nyumba wanaipenda. Picha inayokaribia vile mtu anavyoona kawaida iko kwenye milimita 50 hivi. Kwa hiyo mara mbili ya kwanza ya hiyo zumu imetumika kukurudisha pale ulipokuwa umesimama, na kutoka hapo mpaka mwisho umepata mara kumi na mbili na nusu. Si haba. Ila si kesho.

Kuna gharama nyingine ambayo muuzaji hakunitajia, nayo ni mwanga. Lenzi ikiwa imerudi ndani tundu lake ni f/3.2. Ikitoka yote linabaki f/6.6, yaani mwanga unaoingia umepungua zaidi ya mara nne, na unaangukia kihisi chenye upana wa milimita sita na kitu, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Jua likishuka tu nyuma ya Mau, zumu inakufa saa nzima kabla ya giza. Mkono nao una maneno yake. Tetemeko ambalo hulioni kwenye picha pana, huku mwisho linakuwa tetemeko la ardhi. Nimejifunza kuegemeza kamera kwenye tangi la maji la landilodi, kutoa pumzi nusu, na kubonyeza kama mtu anayeiba.

Halafu hewa. Mchana mabati yakishika moto, hewa iliyo juu yake inacheza, na kila mstari ulionyooka unaanza kuogelea. Hili halitibiki kwa lenzi ya bei yoyote, kwa sababu tatizo haliko ndani ya kamera. Watu wa mapitio kule YouTube hujaribu zumu kwa kupiga mwezi. Mwezi ni mtihani rahisi: una mwanga wa jua wa kutosha, umekaa peke yake kwenye giza, na ukiwa juu kabisa unautazama kupitia hewa kidogo kuliko ile iliyolala juu ya ziwa kati yangu na Longonot. Natamani mmoja wao aje apime saa saba mchana juu ya paa za Kihoto.

Nimeona pia kwamba Kiswahili chetu cha mtaani kinasema "vuta." Vuta hiyo nyumba. Nivutie huyo ndege. Kana kwamba kitu kina kamba na wewe ndiye umeishika. Nyumba haijasogea hata inchi, lakini lugha imekupa uwezo juu yake, na ukishaona kamba hiyo mkononi unaanza kuitumia. Ndivyo ilivyonitokea mimi.

Picha nyingi zilizotoka Kihoto ni za aina mbili au tatu. Kuna ya droni, ambayo paa zetu zinaonekana kama biskuti zilizoangukia chai. Hiyo siipendi lakini siichukii. Angalau inaonyesha ukubwa wa jambo. Kuna ya ndani ya boti, mtu ameketi juu ya godoro lake mwenyewe akitazama pembeni, na hizo ndizo nzuri zaidi, kwa sababu mpigaji yuko kwenye maji yale yale na mpigwaji anajua yuko. Halafu kuna ya zumu ndefu, iliyopigwa kutoka lami. Mama amebeba sufuria kichwani, nyuma yake nyumba, nyuma yake miti, nyuma yake maji, vyote vimebanwa pamoja kama abiria wa matatu ya jioni. Hiyo ndiyo inayouzika.

Kubanwa huko hakufanywi na lenzi, ingawa lenzi ndiyo hulaumiwa. Kunafanywa na umbali. Ukisimama mita 20 mbele ya mlango, na nyuma ya mlango huo mita 55 kuna kiboko, kiboko yuko mbali nawe mita 75, kwa hiyo anaonekana mdogo karibu mara nne kuliko angalikuwa mlangoni. Rudi nyuma mpaka mita 300. Sasa mlango uko 300, kiboko 355. Tofauti karibu imekwisha. Kwa jicho huoni neno, vyote ni vidogo. Lakini ukivuta, unachukua ule udogo wao wa pamoja na kuukuza, na kwenye picha wanakuwa majirani wa ukuta mmoja. Hakuna kilichodanganywa. Hakuna pikseli iliyoguswa.

Nakuwekea hesabu hiyo kwa sababu ni hesabu ya picha yangu.

Ilikuwa jioni, kabla mwanga haujafa. Kiboko alitoka kwenye mafunjo akasimama kwenye maji mafupi nyuma ya nyumba ya bluu ninayoifahamu vizuri. Ni ya mama mmoja anayeshona sare za shule, na suruali zangu zote za sekondari zilipita mikononi mwake. Nikavuta. Kwenye kioo, kiboko alikuwa kama anabisha hodi. Nikapiga kumi na moja, tatu zikatoka safi. Usiku huo nikamtumia mhariri mmoja ambaye alikuwa ameniomba "kitu chenye nguvu kutoka huko kwenu," na kesho yake nikapokea shilingi elfu tatu kwa simu. Maelezo niliyoandika mimi yalisema kiboko karibu na makazi yaliyofurika. Maelezo yaliyochapishwa yalisema kiboko mlangoni. Sikumwandikia kumsahihisha. Elfu tatu ilikuwa imeshaenda kwa stima na unga.

Robert Capa aliwahi kusema kwamba kama picha zako si nzuri, basi hukusogea karibu vya kutosha. Waandishi wa habari wanaipenda sana kauli hii, na hawapendi kuongeza kwamba yeye mwenyewe alikufa mwaka 1954 kule Indochina kwa kukanyaga bomu la ardhini akitafuta picha. Nasi tuna yetu: fimbo ya mbali haiui nyoka. Hapa kando ya ziwa waliishi Alan na Joan Root, waliopiga filamu za wanyama kwa kuwafuata walipo. Waliingia chini ya maji ya chemchemi za Mzima kuwapiga viboko, na kiboko mmoja akamng'ata Alan mguu. Joan aliuawa kwa risasi hapa Naivasha Januari 2006, na waliomuua walikuwa watu. Naziheshimu filamu zao kuliko picha yoyote ya zumu niliyowahi kuona. Lakini kwa kiboko mimi siko upande wa Capa. Kiboko anatoka usiku kula majani, ana haraka kuliko unavyofikiri, na hapa kwetu amewaua watu waliokuwa wanavua samaki tu. Kama zumu ina kazi moja ya haki duniani, ni kukuwezesha kumwona mnyama huyu ukiwa barabarani.

Kwa hiyo sipingi umbali. Ninapinga picha iliyopigwa mbali inayojifanya ilikuwa karibu.

Siku tano hivi baadaye yule mama wa cherehani alikuja mpaka kwangu, anahema kwa ngazi. Amehamia kwa dada yake upande wa mjini. Alikuwa amepanga na mwenye boti waende Alhamisi kutoa cherehani, ambacho kilibaki kwa sababu siku ya kuhama boti ilijaa watoto. Sasa ameahirisha. "Umeona ile picha?" akaniuliza, akanifungulia simu yake. Ilikuwa imezunguka vikundi vyote vya WhatsApp vya mtaa. "Huyo mnyama amelala kwangu, kijana. Mlangoni." Halafu akasema wamesikia pia kuna vijana wanaozunguka usiku na boti wakivunja nyumba. "Wewe si una ile kamera ya kuvuta? Nivutie tu nione kama kufuli lipo."

Sikusema kitu kuhusu picha. Nikachukua kamera.

Hili, kwa maoni yangu, ndilo jaribio la pekee la maana nililowahi kuifanyia zumu hii, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu. Mlango uko mita 300 hivi. Nilipima kwa ramani ya simu. Lenzi ikiwa mwisho, picha inachukua upana wa mita 16 na nusu kwa umbali huo, na upana huo umegawanywa kwa pikseli 5,184. Kwa karatasi, kila pikseli inabeba milimita tatu. Kufuli la kawaida lina sentimita sita. Hizo ni pikseli 20, zinatosha kuona kufuli, hata ule upinde wake wa chuma. Kwa karatasi.

Tukapanda juu ya paa saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi iliyofuata, hewa bado ikiwa imelala. Nikaegemeza kamera kwenye tangi. Nikapiga arobaini na mbili. Mlango ulitoka vizuri: bluu, alama ya maji imefika usawa wa goti, lile tangazo la sare bado limeng'ang'ania ukutani. Na pale kwenye komeo, doa jeusi.

Tukalikuza doa kwenye kioo cha kamera. Likawa doa kubwa. Tundu la lenzi ni dogo, mwanga unajitawanya pembeni kabla haujafika kwenye kihisi, na zile milimita tatu za karatasi zinageuka sentimita moja na zaidi. Hesabu nyingine inayofika pale pale: mita 300 ukigawa kwa mara kumi na mbili na nusu ni mita 24. Zumu yangu ilikuwa imetusogeza mimi na yeye mpaka mita 24 kutoka mlangoni kwake, ikatuacha hapo. Jaribu mwenyewe. Simama hatua thelathini kutoka mlango wowote uniambie kama lile jeusi ni kufuli au ni tundu lililoachwa na kufuli baada ya kung'olewa.

"Ni kufuli," akasema.

Akatazama tena. "Ama ni shimo?"

Kamera hii ina zumu ya pili, ile ya dijitali, inayokupeleka mpaka mara mia na kufanya kioo kiwe na sauti ya ushindi. Nikaivuta nimridhishe. Zumu ya dijitali haioni kitu kipya. Inakata katikati ya picha na kuitanua, kama kuvuta chapati iliyoiva: itapanuka kidogo, kisha inachanika. Doa likawa na ngazi ngazi pembeni.

Binamu yangu alikuwa amepanda nyuma yetu na simu yake ya bei, ile yenye zumu ya mara mia. Akaielekeza, akapiga moja tu bila kuegemea popote. Ikafikiri kidogo, kisha ikatoa picha safi kuliko zangu zote: pembe za mlango kali, komeo limenyooka, na pale kwenye doa, kitu chenye umbo. Mama akapiga makofi. Mimi nikatazama lile tangazo la sare. Kwangu herufi zilikuwa na ukungu lakini ulizisoma kama unajua zinasema nini. Kwenye simu zilikuwa kali kama za kitabu, na hazikuwa herufi. Zilikuwa michoro inayofanana na maandishi, lugha ya nchi isiyokuwepo. Kama simu ilikuwa imeandika tangazo lake yenyewe, ni nani aliyechora hicho kitu komeoni?

Jambo hili lina historia. Machi 2023 mtu mmoja alichukua picha ya mwezi, akaiharibu makusudi mpaka ikawa ukungu mtupu, akaiweka kwenye kioo cha kompyuta na kuipiga kwa Galaxy S23 Ultra. Simu ikamrudishia kreta ambazo hazikuwa kwenye kile alichokipiga. Samsung wakaeleza kwamba simu hutambua mwezi na kuongeza undani kwa akili bandia. Watu walibishana sana kama hiyo ni picha au ni mchoro. Kwa mwezi, mimi sijali. Kreta zipo, hata kama simu ilizikumbuka badala ya kuziona. Lakini simu haijawahi kuliona kufuli la huyu mama. Inachojua ni makufuli, kwa wingi, na milango ambayo kwa kawaida huwa nayo.

Kwa hiyo alama zangu ni hizi. Kamera ndogo ilisema sijui, kwa doa. Simu ilisema ndiyo, kwa adabu na uso mkavu. Ningekuwa nanunua leo ningenunua ile ya doa, na si kwa sababu ninaipenda.

"Picha ya kijana wako mwingine ni nzuri zaidi," mama akaniambia tukishuka ngazi, bila ubaya.

Tulienda Jumamosi. Mwenye boti alizima injini mbali kidogo akatumia mti kusukuma, kwa sababu ya magugu na nyaya. Kiboko hakuonekana. Mwari watatu walikuwa wamekaa juu ya choo cha mtu. Katikati ya njia nikamwambia. Nikamwambia ile picha ni yangu, na kwamba kiboko alikuwa nyuma sana, karibu na mafunjo yale pale, unaona? Alitazama mafunjo. Kisha akatazama nyumba yake. Akapima kwa macho, na macho yake hayakuhitaji hesabu zangu.

"Walikulipa?"

"Elfu tatu, mama."

"Basi hii boti utalipa wewe."

Kufuli lilikuwepo. Lina kutu, limefungwa, tena kubwa kuliko nilivyodhani. Upande wa nyuma, ambao haukuonekana kutoka paa la landilodi hata ungekuwa na lenzi ya kutazama nyota, mabati mawili yalikuwa yameng'olewa na redio na mtungi wa gesi vimekwenda. Cherehani kilikuwa mahali pake, pengine kwa uzito. Maji yalikuwa yamefika kwenye gurudumu la chini na kuliacha la kahawia. Mama alikizungusha kwa mkono, kikakataa, akasema mafuta taa yatatosha.

Nilipiga moja tu ndani. Milimita 25, bila kuvuta, flashi ikaruka kwenye maji na kuunguza nusu ya picha. Akataka kuiona. Akaitazama muda mrefu, akaniambia hiyo nisimtumie mtu, kisha akakifungua kichwa cha cherehani kutoka kwenye meza yake na kunipa nikishike ili yeye aingie botini.